Nchi Tatu za Kwenye Daftari

Mwalimu Nduku, aliyerithi darasa langu pamoja na kabati lake lisilofungika, ameniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukiendesha mchezo wa nchi. Wanafunzi wanamuuliza maswali, na yeye ana madaftari tu, hana maelezo. Huu ni mwezi wangu wa nne tangu nistaafu, kwa hivyo muda ninao. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaipokea wenyewe, mnaijua.

Nilianza kazi Kyuso mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa na sanduku la bati na viatu vya kisigino ambavyo mchanga wa huko ulivimaliza kabla ya muhula kwisha. Nilipewa Kiswahili, darasa la sita. Siku ya kwanza niliwaambia waandike insha kuhusu safari ya ajabu. Walifurahi sana, wakaandika hadi kengele ikalia. Jioni nilikaa na rundo langu la madaftari, na nilipofika la kumi nikaanza kuchoka. Wote walikuwa wamesafiri hadi nchi ya mbali, wakamkuta mfalme kwenye nyumba ya dhahabu, na msitu, na ndani ya msitu zimwi.

Mwalimu Kilonzo ndiye aliyekuwa mkubwa wetu pale. Mtu mrefu, mkimya, mwenye koti moja la kijivu alilolivaa hata jua likiwa kali kiasi gani. Alichukua insha tatu akazisoma akiwa amesimama.

"Hii nyumba ya dhahabu," aliniuliza, "mlango wake unaangalia wapi?"

Nikamwambia mtoto hakuandika.

"Basi hakuna aliyeingia humo," akasema, akanirudishia madaftari.

Nilikasirika, maana nilitaka kusifiwa kwa siku yangu ya kwanza. Lakini kesho yake niliwauliza watoto lile swali la mlango. Msichana mmoja akainua mkono akasema mlango uko upande wa nyuma, kwa sababu mbele jua linapiga dhahabu mpaka mtu hawezi kutazama. Hapo ndipo nilipoijua kazi yangu, ingawa sikujua bado itaitwaje.

Nilikaa na Kilonzo miaka sita. Kisha nikahamishiwa Kathonzweni, karibu na nyumbani, na mwaka uliofuata, wakati wa kozi ya walimu ya likizo, nikakutana na Mwalimu Wanjiru aliyekuwa akifundisha Kibwezi. Familia yao ilikuwa imehamia huko kutoka upande wa Nyeri, na kwa kuwa alikuwa amezoea kuulizwa kila mara alikotoka, alikuwa na majibu makali. Tulikuwa tukilalamikia insha tukila muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, nikamhadithia habari za mlango. Yeye ndiye aliyesema, "Shida ni kwamba wanaandikia mwalimu. Waandikiane."

Mchezo ulikuwa hivi. Kila shule ilibuni nchi yake: Kyuso kwa Kilonzo, Kathonzweni kwangu, Kibwezi kwa Wanjiru. Mwanafunzi aliyetaka kuingia alichagua kuwa mtu mmoja wa nchi ya shule yake, akampa jina, umri na kazi, na tangu siku hiyo aliandika barua kama mtu huyo kwa watu wa nchi zile nyingine. Kilichoandikwa kwenye barua kilikuwa kimetokea. Ukisema daraja limevunjika, limevunjika, na wengine watafute njia nyingine. Mtu hakuruhusiwa kumuua wala kumwoza mtu wa mwenzake bila kuulizana. Na ukitaka kutembelea nchi ya wengine, uliandika jinsi ulivyofika mpakani, kisha ukangoja wenyewe wakujibu umekuta nini. Sisi walimu tuliyaficha majina halisi ya waandishi, ili mtoto mnyonge aweze kuwa jemadari bila kuchekwa. Utaratibu huo wa kuficha majina ulikuja kuniletea matatizo, nitaeleza.

Kuhusu vifaa, Nduku, usidanganyike na picha za zamani. Tulikuwa na mashine moja ya kurudufu yenye mkono wa kuzungusha, na stensili ambazo ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu kisha unapuliza mpaka ikauke. Barua nzuri za kila mwezi tulizipiga stensili, nakala zikaenda shule zote tatu. Zilizobaki nilizibandika kwenye daftari kubwa kwa gundi ya unga wa ngano. Weka chumvi kidogo kwenye gundi hiyo, la sivyo mende watasoma kabla yako. Ramani tuliichora nyuma ya mifuko ya saruji iliyobaki wakati wa kujenga darasa la saba. Karatasi ile haichaniki.

Mwezi wa kwanza barua zilikuja nyingi, nami nikajiona hodari. Mwezi wa tatu nikapokea moja kutoka Kibwezi. Mchuuzi wa ngozi alikuwa ametembea nchi zote tatu, akaandika: "Nimezunguka siku arobaini, na kila nilikofika nilidhani nimerudi kwetu. Hata zimwi ni lile lile, ila limenyoa." Wanjiru aliongeza chini kwa kalamu nyekundu: "Ana haki."

Niliposoma tena daftari zima niliona ni kweli. Tulikuwa na nchi tatu kwa majina tu. Kila nchi ilikuwa na mfalme, soko, mlima na jeshi. Watoto wa Kyuso, ambao mama zao walikuwa wakichimba mchanga wa mto mkavu kutafuta maji, walikuwa wamejipa mito saba. Nani angewalaumu? Lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kusema mto unasikikaje.

Tuliandikiana sisi watatu muhula mzima. Jambo la kwanza tulilokubaliana lilitoka kwa Kilonzo: kila nchi ikose kitu kimoja, na kila desturi itokane na kile inachokosa. Watoto wake walibishana wiki mbili, kisha wakaifuta mito yote saba wakaiita nchi yao Lindamaji. Huko maji yalitoka visimani kwa zamu, na kila kisima kilikuwa na mlinzi. Umbali ulipimwa kwa kata za maji. Mji wa jirani uko mbali kata tatu, yaani utakunywa mara tatu kabla ya kufika. Mgeni hakuulizwa jina. Aliulizwa, "Umekunywa?"

Wangu wa Kathonzweni walichagua kukosa utulivu. Nchi yao, Upeponi, ilivuma mwaka mzima. Watu walisema maneno machache na kwa sauti kubwa, milango yote iliangalia upande mmoja, na siri haikunong'onwa kamwe. Iliandikwa kwa kidole kwenye kiganja cha mwenzako. Wa Kibwezi, ambao malori ya barabara kuu yaliwapita mchana kutwa, walisema watakosa wenyeji. Nchi ya Njiapanda ilikuwa ya wapita njia. Hakuna aliyezaliwa pale, kila mtu aliitwa kwa jina la mzigo aliofika nao, na watoto waliwatambua wageni kwa viatu.

Ili kujua kama nchi imeshika, tulibuni jaribio la ng'ombe. Ng'ombe mmoja anayesema anaingia nchi zote tatu siku moja. Kinatokea nini? Lindamaji walimuuliza anakunywa madebe mangapi. Njiapanda walimuuliza anajua lugha ngapi, wakampa kazi ya ukarani. Upeponi alihutubia siku nzima na hakuna aliyemsikia, akaondoka amekasirika. Kama jibu la nchi moja lingefaa nchi nyingine, tulijua bado tunachora nyumba ya dhahabu. Ninyi mnaoanza sasa, shikeni jaribio hili hata mkisahau mengine.

Tulikosea pia. Mwaka wa pili watoto wa Kyuso, kwa kutaka Njiapanda iwe tofauti zaidi, waliandika kwamba watu wote wa huko ni wezi wa mizani. Nilicheka nikapiga stensili. Wanjiru aliniandikia mistari miwili: "Baba yangu ana duka kando ya barabara. Niambie huu ni mchezo gani, nimweleze." Niliona aibu. Nilirudi kwa watoto nikawaeleza kwamba nchi haiwezi kuwa na tabia ya mtu mmoja; ina mwizi wake na mlokole wake kama hapa. Tofauti ni mahali anapojificha huyo mwizi. Wakatafuta, wakaona kwamba katika nchi ya wapita njia mwizi ni yule anayekaa zaidi ya siku tatu. Wanjiru akanisamehe, ila alichukua muda wake.

Sasa niseme habari ya Mumbua.

Mumbua alikuwa darasa la sita, msichana mwenye mwandiko mdogo sana, kana kwamba anaweka akiba ya wino. Katika Upeponi alikuwa bibi wa miaka sabini, mfuma kamba za kufungia mapaa. Kwa mwaka mzima aliandikiana na Kathumo, mlinzi wa kisima cha nne huko Lindamaji. Kisima cha nne kilikuwa kinakauka, Kathumo alikuwa amewaficha watu wake, na bibi huyu peke yake ndiye aliyejua. Zilikuwa barua bora kuliko zote. Mimi mwenyewe nilizingoja.

Jumatatu moja Mumbua hakuja shule. Jumanne vilevile. Jumatano alikuja baba yake, Mzee Musyoka, mzee wa kanisa letu, amevaa suti ya Jumapili. Akaweka karatasi juu ya meza ya mwalimu mkuu, nami nikaitwa.

"Bwana asifiwe, mwalimu."

"Amen, Mzee."

"Soma hii. Nimeitoa ndani ya Biblia ya mtoto wangu."

Nikasoma. Ilikuwa barua ya Kathumo: "Naapa kwa maji, nimekungoja kisimani siku tatu. Njoo peke yako, na usimwambie mtu wa kwenu. Ukichelewa, sitakuwa na lingine ila kukimbia."

Mwalimu mkuu alinitazama. Nikaanza kueleza mchezo, bibi wa miaka sabini, kamba za mapaa. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyosikika mwongo.

"Mwalimu," Mzee Musyoka akanikata, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele, "nakuuliza kitu kimoja tu. Huyu Kathumo ni mtoto wa nani?"

Sikujua. Ndiyo, sikujua. Tulikuwa tumeficha majina hata sisi kwa sisi, tukajiona wajanja.

"Hujui," akasema. "Mtoto wangu wa miaka kumi na miwili anaitwa kisimani na mtu, na mwalimu wake hajui ni nani. Na hicho kisima kina mlinzi anayeapa kwa maji. Huko ni kuabudu. Mumbua atakaa nyumbani amsaidie mama yake."

Mwalimu mkuu alitaka kumtuliza, lakini mzee alikuwa ameshavaa kofia. Alipotoka, mwalimu mkuu aliniambia mchezo usimame hadi hapo atakaposema. Sikubishana. Niliomba jambo moja, kwamba niruhusiwe kumpelekea Kilonzo barua.

Posta ya Kyuso siku hizo haikujua haraka. Niliandika Jumatano ile ile, kisha nikakaa kungoja, na kila nilipoita majina darasani nililiruka jina la Mumbua kwa kuwa sikuweza kulitamka. Nilikuwa nimemwona mtoto yule akiwa na jambo lake mwenyewe kwa mara ya kwanza, na sikuwahi kufikiria kumwambia mzazi wake jambo hilo ni nini. Hilo lilikuwa kosa langu, si la mtoto wala la baba. Alhamisi ya wiki iliyofuata nilishindwa kuvumilia. Nilichukua daftari kubwa, lile la gundi ya chumvi, nikatembea hadi kwa Mzee Musyoka. Nilimkuta akipura ndengu uani. Mumbua alikuwa anapepeta, hakuinua macho.

"Sijapata jibu la Kathumo ni nani," nilimwambia. "Sikuja kujitetea. Nimekosa kwa kutowaambia ninyi wazazi. Lakini umesoma barua moja kati ya mia. Naomba usome zote. Kama baada ya hapo bado ni uovu, daftari hili ni lako, lichome."

Alipangusa mikono, akalipokea kama mtu anayepokea nyoka, akaliweka juu ya dirisha. Hakunikaribisha chai. Hapa Ukambani mnajua maana yake: sikutakiwa.

Jibu la Kilonzo lilifika baada ya siku tano. Lilikuwa fupi kama yeye: "Kathumo ni Kavata, msichana, miaka kumi na mmoja, binti wa fundi cherehani. Alimwita bibi kisimani amletee kamba ya kushusha ndoo chini zaidi. Analia. Nimemwambia wewe utatengeneza." Nikaenda mbio kwa Mzee Musyoka, barua mkononi.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha ngozi, miwani puani, daftari wazi mapajani, penseli sikioni. Kabla sijafungua mdomo akasema:

"Mwalimu, hawa watoto wako wamekosea."

"Wamekosea wapi, Mzee?"

"Hapa. Wanasema mgeni akifika Lindamaji anaulizwa mbele ya watu kama amekunywa. Haiwezekani." Alikuwa amekasirika kweli. "Nilichunga ng'ombe huko kaskazini kabla sijaokoka. Mahali maji ni taabu, humuulizi mtu hivyo hadharani. Akisema hajanywa, utampa nini? Utamwaibisha yeye au ujiaibishe wewe. Unamwambia, njoo uone ng'ombe wangu. Mkiwa nyuma ya boma, hapo unamuuliza."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Nyuma yake, mlangoni, Mumbua alikuwa amesimama na ungo, anasikiliza.

"Kathumo ni msichana, Mzee," nikasema. "Anaitwa Kavata. Alikuwa anaomba kamba."

"Nimeona kwamba anataka kamba," akajibu. "Barua iliyotangulia inaeleza. Kamba yenyewe ni fupi. Kisima cha namna hiyo kinahitaji pima ishirini." Kisha akavua miwani, na uso wake ukarudi kuwa wa mzee wa kanisa. "Lakini nina masharti. Moja, hakuna kuapa kwa maji, wala kwa upepo, wala kuabudu chochote. Wala uchawi. Mbili, barua za mtoto wangu nitazisoma. Tatu, wazazi wote waambiwe. Ungeniambia mwanzo, hatungefika hapa."

"Ni kweli, Mzee."

"Mumbua," akaita bila kugeuka. "Mletee mwalimu chai."

Masharti yale niliyapokea shingo upande, hasa hilo la uchawi, maana nusu ya watoto walikuwa wametegemea pete na fimbo za ajabu kutatua kila tatizo. Lakini yalitusaidia kuliko kozi yoyote. Mtoto aliyenyang'anywa fimbo ya ajabu ilimbidi ajue ndoo inashushwaje. Ng'ombe anayesema tuliruhusiwa kubaki naye; Mzee Musyoka alisema hata Biblia ina punda aliyesema. Wazazi tuliwaita shuleni Jumamosi moja, nikawasomea barua mbili. Mama mmoja akaniuliza kwa nini Upeponi hakuna anayepika nje, na kama moto unazimika watu wanakula nini. Hatukuwa tumefikiria. Tangu siku hiyo Upeponi walikula vya kukaushwa.

Kisima cha nne kilipata kamba ya pima ishirini. Maji yalipatikana, machache, na Kathumo akawaambia watu wake ukweli. Walimvua ulinzi kwa msimu mmoja. Watoto wenyewe ndio walioamua adhabu. Mimi ningemsamehe.

Wakati wa michezo ya shule mwaka uliofuata Kilonzo alimleta Kavata. Nilitaraji mkutano mkubwa. Mumbua alisimama, Kavata akasimama, wote wawili wakaangalia chini, na Mumbua akasema tu, "Njoo uone ng'ombe wetu." Hapakuwa na ng'ombe pale uwanjani. Wakaenda nyuma ya darasa wakakaa huko hadi mashindano yakaisha. Waliongea nini sijui, wala sikuuliza.

Baadaye nilihamia Kibwezi, nikamkuta Wanjiru bado anajibu makali, na tukaendesha mchezo pamoja miaka mingi, shule zikija na kutoka. Kilonzo alistaafu akiwa na koti lile lile. Mumbua siku hizi ni muuguzi upande wa Kitui. Aliniambia kwamba akipelekwa kituo kipya huanza kwa kuuliza watu wa hapo wanakosa nini. Mzee Musyoka alisoma barua hata baada ya binti yake kumaliza shule. Alikuwa akinitumia masahihisho kupitia kanisani.

Nilipoondoka, Nduku na watoto wake walifungua nchi ya nne. Iko ndani ya mlima, hakuna mwanga, na watu hutambuana kwa nyayo. Wakaniomba niingie kama mgeni. Nikafikiri, mimi mwenye miaka yote hii, nitawaonyesha. Nikaandika barua safi ya ukurasa mmoja: mkunga mzee amefika mpakani, mlinda lango akampokea kwa tabasamu.

Jibu lilikuja wiki iliyopita, mwandiko wa mtoto wa darasa la tano. "Mama mgeni, tumesoma. Unasema umeona mlinda lango akitabasamu. Uliona na nini? Tafadhali rudi nje uingie tena."

Nilicheka peke yangu hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Kisha nikaingia kwenye ghala langu, nikafunga mlango na kuziba ufa wa chini kwa kanga, nikakaa juu ya gunia la ndengu. Kwanza nilisikia harufu ya vumbi la maganda. Halafu nikasikia pumzi yangu mwenyewe, na baadaye kidogo, mbali, mtu akipita njiani, mguu wake mmoja ukigusa chini mzito kuliko mwingine. Nimeandika hivyo. Barua iko posta tangu jana, nami nangoja kama watakubali nipite.